Kwa nini Tshombe hakukabidhiwa kwa Mobutu

JUNI 30, 1967, ndege ndogo ya kukodi ilikuwa juu ya Bahari ya Mediterania pale abiria mmoja, Mfaransa Francis Bodenan, alipotoa silaha na kuwaamuru marubani Waingereza waelekee Algeria. Ndani alikuwamo Moise Tshombe, Waziri Mkuu wa zamani wa Kongo, aliyekuwa akiishi uhamishoni Hispania. Miezi mitatu kabla, mahakama ya Kinshasa ilikuwa imemhukumu kifo bila mwenyewe kuwapo.

Rais Mobutu, aliyetwaa madaraka Novemba 1965, aliomba akabidhiwe mtu huyo. Julai 21, Mahakama ya Juu ya Algeria iliafiki. Ilionekana ni suala la siku chache tu. Hata hivyo Tshombe hakupelekwa Kinshasa, wala hakuachiwa.

Si kwamba Algeria ilimwonea huruma. Tshombe ndiye aliyeitenga Katanga na Kongo mwezi Julai 1960, akitegemea Wabelgiji, fedha za shaba na mamluki wa kizungu, na ni huko Katanga ndiko Patrice Lumumba alikouawa Januari 1961. Hakuna taifa hata moja lililoitambua Katanga. Diplomasia yake haikupona jeraha hilo hata aliporejeshwa kuwa Waziri Mkuu wa Kongo nzima mwezi Julai 1964. Oktoba mwaka huo alisafiri hadi Cairo kuhudhuria mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Wenzake walikataa kuketi naye, na wenyeji wakamweka kwenye kasri chini ya ulinzi hadi alipoondoka. Kiongozi wa serikali aliyefika kama mjumbe aligeuzwa mfungwa, ingawa wa kasri.

Miaka mitatu baadaye Algiers ilikuwa katika njia panda. Kumkabidhi kulikuwa sawa na kumnyonga: Juni 1966 Mobutu aliwanyonga hadharani mawaziri wanne wa zamani, akiwamo Evariste Kimba, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Katanga. Kumwachia nako kungewapa nguvu mamluki, ambao siku chache tu baada ya utekaji huo waliasi mashariki mwa Kongo wakiongozwa na Mbelgiji Jean Schramme, na wakaushikilia mji wa Bukavu hadi Novemba.

Kisheria njia ilikuwa wazi. Kilichokosekana ni uamuzi wa Rais Boumedienne, naye hakuutoa. Inaelekea mfungwa huyo alikuwa na thamani zaidi akiwa mikononi mwake kuliko kaburini Kinshasa. Wala hapakuwa na serikali iliyokuwa tayari kugombana na Algeria kwa ajili yake, hata zile zilizomtumia alipokuwa na Katanga yake.

Tshombe alifariki dunia kizuizini Juni 29, 1969, akiwa na umri wa miaka 49, siku moja kabla ya kutimiza miaka miwili tangu atekwe. Taarifa rasmi ilitaja ugonjwa wa moyo. Alizikwa Ubelgiji.