Msimbo Unapokataa Kusomeka

Siku ya mavuno mwaka jana, sisi akina mama wa kikundi tulibandika mlangoni mwa kanisa karatasi yenye msimbo wa QR, kile kimraba chenye vidoadoa ambacho watu hukielekezea simu ili walipe. Mchango ulikuwa wa sare na madaftari ya watoto saba waliofiwa na wazazi. Ibada ilipokwisha watu waliinua simu, wakasubiri, kisha wakasema, "Tutatoa baadaye." Wengi hawakurudi. Tulilaumu simu zao, kumbe kosa lilikuwa letu.

Mama mpenzi, misimbo hii sasa imo dukani, kwenye risiti na hata shuleni kwa watoto wetu. Ni vema tuielewe. Ilibuniwa Japani mwaka 1994 na mhandisi Masahiro Hara wa kampuni ya Denso, ili kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Ile miraba mitatu mikubwa ya pembeni huionyesha kamera mahali msimbo ulipo na upande ulikoelekea. Kuuzunguka pande zote lazima ubaki ukingo mtupu, ili kamera ijue unapoanzia.

Anza na simu yako

Futa lenzi kwa kitambaa laini kikavu, maana mikono itokayo jikoni huacha mafuta. Simama penye mwanga, na usiutie msimbo kivuli. Usiukaribie mno, rudisha simu nyuma polepole mpaka picha itulie.

Kama ni msimbo wa malipo, fungua kwanza programu ya benki yako au ya mtandao wako wa simu. Kamera ya kawaida huenda ikakuonyesha mlolongo wa tarakimu tu. Na kama anwani imetokea lakini ukurasa haufunguki, msimbo ni mzima. Angalia kifurushi chako cha intaneti.

Kisha tazama karatasi

Hapa ndipo tulipokosea. Tulitaka karatasi ipendeze kama sare yetu, tukachapa rangi ya waridi juu ya zambarau. Kamera hutafuta tofauti ya giza na mwanga, nasi tuliiondoa. Tukaivika plastiki ya kung'aa, na jua la mlangoni likawaka juu yake. Tukakata ukingo kwa mkasi ili iingie kwenye fremu. Tena msimbo wenyewe ulikuwa wa sentimita tatu, na watu walisimama hatua mbili nyuma. Kwa kawaida, mtu akisimama umbali wa mita moja, msimbo uwe na upana wa sentimita kumi hivi.

Doa dogo au mkunjo si lazima uue msimbo. Kutegemea ulivyotengenezwa, unaweza kusomeka hata sehemu yake ya asilimia 7 hadi 30 ikiharibika. Lakini mmoja wa ile miraba mitatu ukichanika, mara nyingi ni kuchapa upya.

Ndivyo tulivyofanya: nyeusi juu ya nyeupe, karatasi isiyong'aa, ukingo mpana. Tukaujaribu kwa simu tatu, mojawapo kongwe. Chini yake tukaandika namba ya kulipia, kwa ajili ya bibi mwenye simu ya kitochi.

Tahadhari

Msimbo unaosomeka upesi si lazima uwe wa kweli. Matapeli hubandika stika yao juu ya ile ya mwenye duka. Pitisha kidole, ukigusa stika juu ya stika, uliza. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la mpokeaji na umwulize muuzaji kama ndilo lake. Na msimbo ukikataa, usimpe mgeni simu yako eti akusaidie, wala usitume pesa kwa namba unayotajiwa harakaharaka. Afadhali foleni inune kuliko ada ya mtoto ipotee.

Jumapili iliyofuata mchango uliingia, lakini si wote. Watoto watano walianza muhula wa Januari wakiwa na sare mpya. Wawili walisubiri hadi Machi. Ndiyo sababu tunakusihi, mama: ujaribu msimbo wako kabla watu hawajasimama mbele yake.