Vigae Vilivyotupwa Kisimani

Mwaka 1972 Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, lilinunua chombo kimoja cha udongo kwa takriban dola milioni moja. Ni bakuli kubwa la kuchanganyia divai na maji, lililofinyangwa Athens na Euxitheos na kuchorwa na Euphronios yapata mwaka 515 KK. Pichani, Usingizi na Mauti, wote wawili wenye mabawa, wanainua maiti ya shujaa Sarpedon huku damu ikimchuruzika. Uzuri wake hauna ubishi. Hata hivyo, nikiambiwa nichague kimoja kinifundishe kuhusu Wagiriki wa kale, nitaliacha bakuli hilo na kuchukua vigae vya vikombe vilivyofukuliwa mwaka 1937 kutoka kisima kimoja kwenye mteremko wa kaskazini wa Akropoli ya Athens. Vigae hivyo vinajulikana vililala wapi, na pamoja na nini.

Athens ya kale ilipiga kura kwa vigae. Raia waliomchoka kiongozi walikwaruza jina lake kwenye kipande cha chungu kilichovunjika, na kura zikifika 6,000, aliyetajwa na wengi alihama mji kwa miaka 10, ingawa mali yake haikuguswa. Kisima kile kilikuwa na vigae 190 hivi, vingi vikiwa vitako vya vikombe, na vyote vina jina lilelile: Themistokles mwana wa Neokles, jemadari aliyewashinda Waajemi baharini huko Salamis mwaka 480 KK. Wataalamu walipolinganisha miandiko, walikuta mikono 14 tu. Kumbe kuna watu waliokaa chini wakaandaa kura kabla ya siku yenyewe, wazigawe! Wapo wanaosema huenda ulikuwa msaada kwa wasiojua kuandika. Sawa, lakini mwandishi anayengoja wateja njiani atajuaje kwamba wote watakuja na chuki ya mtu mmoja? Na kama vigae hivyo vingechimbwa kwa siri na kuuzwa kimoja kimoja, kila mnunuzi angebaki na jina la mtu maarufu kabatini, na miandiko isingelinganishwa kamwe.

Mtetezi wa bakuli atasema kwamba nalo lina ya kueleza, tena bila kutajiwa lilikochimbwa. Ni kweli. Weusi wake unaong'aa, kwa mfano, si rangi ya dukani. Ni udongo uleule wa chombo, uliochujwa hadi ukawa laini kama uji mwepesi, ukapakwa kuzunguka sura za watu. Tanurini, mfinyanzi aliruhusu hewa kwanza, kisha akaziba matundu na kutia kuni mbichi mpaka chombo kizima kikawa cheusi, halafu akafungua tena. Mwili wa chombo ukarudia wekundu, lakini ule upako ulikuwa umeshaganda kama kioo na hewa haikupenya. Hayo tunayasoma kwenye udongo wenyewe. Tusiyoweza kuyasoma humo ni kwa nini chombo cha karamu za Athens kilizikwa Italia, kandokando ya nani. Wachunguzi wa Italia walibaini kwamba wezi wa makaburi walilichimba Cerveteri, kaskazini-magharibi ya Roma, mwaka 1971, na wezi hawaandiki kumbukumbu.

Hoja nzito zaidi ni kwamba makumbusho yakikataa vitu vya aina hiyo, vitaishia sebuleni kwa matajiri, visionekane na yeyote. Pengine vingine vitaishia huko. Lakini mwizi huchimba kwa sababu anajua kuna mnunuzi, na mnunuzi mwenye jina kubwa humpandishia bei na kumsafishia mali. Kila dola ya New York ilikuwa sababu ya kuvunja kaburi jingine. Mwaka 2008 bakuli lilirudishwa Italia, na sasa limewekwa katika makumbusho ya Cerveteri, jirani na makaburi ya Waetruski, wenyeji wa kale wa eneo hilo. Mgeni anaweza kulitazama asubuhi na kuyatembelea makaburi jioni, ila hakuna wa kumwonyesha mifupa iliyolala kando yake.