Ndege Huweza Kuonya Watu

Dalili ya mvua ni mawingu. Mnamo mwaka 1937 watafiti wa Entebbe walivumbua virusi katika damu ya mwanamke wa West Nile, Uganda. Ndege huvihifadhi, mbu huvipeleka kwa watu, na mara chache vikadhuru ubongo. Mwaka 1999 kunguru walikufa wengi New York, wakawa onyo. Lakini ndege wa Afrika aghalabu huvibeba bila kufa. Kwa hiyo yafaa wataalamu wawapime damu, pamoja na mbu. Huko Sarang'ombe, Kibera, mbu huzaliana katika mitaro ya maji machafu. Chanjo ya wanadamu haijapatikana. Basi kila mwenye nyumba na auzibue mtaro wake, wala asimshike ndege mfu kwa mikono mitupu.