Mzee akivunjika nyonga, msimkande

Mama yangu alivuka mpaka kwa miguu mwaka 1972 akikimbia mauaji ya Burundi. Alitulea Ulyankulu, Tanzania, ambako ndiko nilikosomea, na mwaka 2009 tukarejea nyumbani. Safari zote hizo hazikumvunja. Akiwa amepita miaka 70, aliteleza uani penye maji, asisimame tena.

Mguu wa kulia ulionekana mfupi na unyayo umegeukia nje. Sikujua kuwa hizo ni dalili za kuvunjika nyonga. Kaka yangu alimwita mwunga mifupa, akamkanda na kumvuta siku tatu. Mama alilia usiku kucha. Mimi, mwalimu mzima, nilinyamaza.

Siku ya nne tulimpeleka hospitali. Eksirei ilionyesha shingo ya mfupa wa paja imekatika. Daktari alitueleza njia zilizopo. Mfupa ukipasuka hapo bila kuhama, hufungwa kwa skrubu. Ukihama, damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa, hivyo kwa mzee hutolewa na kuwekwa cha chuma. Ukivunjika chini ya shingo, huungwa kwa bamba au fimbo ya chuma. Njia nyingine ni kulala wiki sita hadi 12, mguu ukivutwa kwa uzito.

Nikauliza kama hiyo ya mwisho si nafuu zaidi. Alijibu kuwa kitanda huua wazee kuliko mfupa wenyewe: vidonda vya mgongoni, nimonia, damu kuganda miguuni. Upasuaji nao una hatari, lakini ukifanyika mapema, yafaa ndani ya siku mbili, mgonjwa husimamishwa mara nyingi kesho yake.

Fedha hatukuwa nazo. Tuliamua kuuza kipande cha shamba. Mama alikataa.

"Nimeililia ardhi hii miaka 37 ugenini, leo mwaiuza kwa ajili ya mguu?"

Kaka akamjibu: "Mama, ardhi usiyoikanyaga wewe ni ya nini?"

Leo anatembea kwa mkongojo, bado anachechemea. Zile siku tatu nazijutia.

Ndugu zangu mnaofanya biashara Kobero na Kabanga, mkipigiwa simu kuwa mzee ameanguka, agizeni asikandwe wala asivutwe mguu. Abebwe kwa machela, mguu ukitegemezwa kwa mto, apelekwe penye eksirei siku hiyohiyo. Na kabla ya simu hiyo, kausheni ua, wekeni taa njia ya chooni.