Kompyuta Yetu Kuukuu Ilipokataa Kuamka

Ilikuwa Julai 2024, majira ambayo sisi wa Njombe huamka na kukuta umande umeganda juu ya majani. Zilibaki siku sita tu kikundi chetu cha akina mama cha kuweka na kukopa kikutane kugawana akiba ya mwaka. Hesabu zote za wanachama 23, yaani hisa, mikopo, faida na faini, zilikuwa ndani ya kompyuta moja iliyoko sebuleni kwetu, kando ya cherehani. Daftari la karatasi tulikuwa tumeliacha tangu liliponyeshewa na mvua.

Asubuhi hiyo tulibonyeza kitufe kama kawaida. Taa ikawaka, feni zikavuma, picha ikaanza kutokea, kisha ghafla giza. Tukabonyeza tena. Mara hii ikafika mbali kidogo, ikatuonyesha kioo cha buluu chenye maandishi meupe, ikazima. Mara ya tatu haikuonyesha hata picha.

Kwa aibu twakiri kwamba jambo la kwanza tulilofanya halikuwa kutafuta ubovu, bali kumtafuta mkosaji. Tulimwita binti yetu wa kidato cha pili. "Wewe ndiwe uliyecheza michezo yako humu jana usiku!" Mtoto akalia, akasema, "Mama, siyo mimi. Jana mchana ilikuwa nzima, nikaandika kazi ya shule tu, nikazima vizuri." Hatukumsikiliza. Laiti tungalimsikiliza, kwa maana katika maneno yale machache alikuwa ametupa ufunguo wa tatizo lote.

Mashine iliyoundwa nyumbani

Kompyuta hii haikununuliwa dukani ikiwa kamili. Kijana wetu mkubwa aliiunda mwenyewe mwaka 2012 alipokuwa chuoni Dar es Salaam. Alinunua kiungo kimoja kimoja Kariakoo kila alipopata fedha: leo sanduku la bati, mwezi ujao mazabodi iliyotumika, kisha prosesa, vibao vya ramu, diski na pawasaplai. Mashine ya namna hii haina kampuni ya kuipelekea ikiugua, kwani kila kiungo kina ukoo wake.

Lakini pia ina neema yake. Tangu mwaka 1995, kampuni ya Intel ilipotoa mpango uitwao ATX, mazabodi, masanduku na pawasaplai za kompyuta nyingi za mezani hufuata vipimo vilivyokubaliwa. Kiungo kimoja kikichakaa unaweza kukitoa na kuweka kingine, mradi uhakikishe kwanza kwamba plagi zake zinalingana. Ni kama cherehani: mkanda ukikatika hununui cherehani nyingine.

Kwanza okoa kilichomo

Tulipompigia simu kijana wetu hakuuliza juu ya mashine. Aliuliza, "Mama, hesabu za akina mama mna nakala yake mahali pengine?" Tulikaa kimya. Hatukuwa nayo.

Hapa ndipo tulipojifunza somo la kwanza. Kompyuta inayozima ovyo isiwashwe mara ishirini kwa hasira. Kila inapokatika wakati diski inaandika, yaweza kuharibu yaliyomo. Basi tulichomoa waya wa umeme ukutani, tukafungua sanduku, na binti yetu akaitoa diski kwa uangalifu. Jirani yetu mwalimu alikuwa na kifaa cha kuunganisha diski na kompyuta nyingine kwa waya wa USB. Baada ya nusu saa hesabu zote zilikuwa kwenye flashi mbili. Hapo tukapumua.

Andika kama unavyoandika homa ya mtoto

Mtoto akiugua, mama hodari haendi zahanati kusema "anaumwa" tu. Husema homa ilianza lini, hupanda saa ngapi, mtoto alikula nini. Kompyuta nayo yataka hivyo hivyo. Tulichukua daftari tukaandika: Jumatatu saa 1 asubuhi, tumejaribu mara nne, imezima zote. Jumatatu saa 8 mchana, imewaka mara ya kwanza, imekaa saa nzima. Jumanne saa 12 na nusu asubuhi, imezima mara tano, ya sita imekaa.

Yafaa pia kutazama inazima katika hatua gani, kwa sababu kila hatua ina maana yake. Isipowaka hata taa, anza na soketi ya ukutani, waya na swichi iliyo nyuma ya sanduku. Ikiwaka feni lakini kioo kikabaki cheusi, shuku ramu, kadi ya picha au viungo vilivyolegea. Mara nyingi mazabodi hupiga milio, na hesabu ya milio hiyo huelezwa katika kitabu chake. Ikianza kuonyesha nembo ya Windows ndipo ikazima, yaweza kuwa programu, diski, ramu, joto au umeme. Lakini ikizima kabla Windows haijaanza kabisa, usiilaumu Windows.

Tulivyopekua hatua kwa hatua

Kanuni tuliyopewa ni moja: badilisha kitu kimoja tu, kisha jaribu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi.

Tulianza na vumbi. Kila tulipogusa ndani tulikuwa tumechomoa waya wa umeme, na tuligusa kwanza bati la sanduku ili umeme mdogo unaokaa mwilini usiunguze vibao. Feni ya prosesa ilikuwa imevaa vumbi kama sufi ya mto. Tukalitoa kwa brashi laini ya rangi, huku tumeishika feni kwa kidole isizunguke. Vumbi huzuia hewa, prosesa hupata joto, na ikizidi kipimo hujizima ili isiungue. Grisi iliyo kati ya prosesa na kipoza chake nayo hukauka baada ya miaka, ikafaa kufutwa na kupakwa mpya. Lakini mashine yenye ugonjwa wa joto kwa kawaida huwaka vizuri ikiwa baridi, kisha huzima baada ya dakika kadhaa. Yetu ilifanya kinyume, na hata baada ya usafi iliendelea kuzima asubuhi.

Tukachomoa kila kisicho cha lazima: printa, spika, flashi. Ikabaki kibodi, kipanya na kioo. Bado ikazima.

Tukaja kwenye ramu. Vibao vilikuwa viwili. Tulivitoa, tukasugua taratibu meno yake ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, tukafuta chembe zake, tukarudisha kimoja tu hadi kikalia "ka!" pande zote mbili. Kisha tukakitoa, tukaweka kingine. Mchana mashine ilipokuwa inawaka, tuliendesha programu ya bure iitwayo Memtest86+ kutoka kwenye flashi, usiku kucha. Haikuona kosa hata moja.

Ndipo tukaona jambo jingine: saa ya kompyuta ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Hii ni dalili ya betri ndogo ya mviringo iliyo juu ya mazabodi, ambayo kwa kawaida ni aina ya CR2032 ya volti 3. Ndiyo inayotunza saa na mipangilio wakati umeme umekatwa, na baada ya miaka kadhaa huisha. Ikiisha, mashine yaweza kusimama kila inapowashwa ikikuomba ubonyeze F1, au ikasahau iwashe kutoka diski ipi. Tovuti nyingi nazo hukataa kufunguka kwa sababu tarehe si sahihi. Tulinunua mpya kwa fedha kidogo tu, tukapanga saa upya. Jioni ile mashine iliwaka bila kusita, tukashangilia. Asubuhi ikazima tena! Betri ilikuwa imekufa kweli, lakini haikuwa ndiyo iliyotutesa. Mgonjwa mmoja aweza kuwa na maradhi mawili.

Diski tuliisikiliza. Diski ya kuzunguka inayogonga "kwa, kwa, kwa" iko karibu kufa. Yetu ilikuwa kimya, na kipimo chake cha afya kiitwacho SMART hakikuonyesha sehemu mbovu. Tukabadilisha pia waya wake mwembamba bapa, kwani waya huo hulegea.

Mwisho tukaijaribu Windows yenyewe. Katika Windows 7 ubonyezapo F8 wakati wa kuwasha hupata hali salama, ambamo mashine huanza na vitu vichache tu. Katika Windows 10, ikishindwa kuanza mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida huleta yenyewe ukurasa wa kujirekebisha wenye njia ya kufikia hali hiyo. Ikiwa mashine hukaa vizuri katika hali salama, kumbuka programu au kifaa ulichoongeza karibuni, ukiondoe. Njia nyingine ni kuiwasha kwa flashi yenye Linux bila kugusa diski. Sisi tulifanya hivyo saa 1 asubuhi. Ikazima vile vile. Basi kosa halikuwa la programu, wala la michezo ya mtoto.

Baridi yafichua siri

Tulimpelekea daftari letu fundi wa redio aliye karibu na soko. Alisoma ukurasa mmoja akatabasamu. "Mama, mashine yenu yaogopa baridi. Leteni pawasaplai."

Akatueleza. Pawasaplai hupokea umeme wa ukutani, ambao kwetu ni volti 230, na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazohitajiwa na viungo vya ndani. Umeme huo husawazishwa na kapasita, vikopo vidogo vya mviringo ambavyo vingi vina majimaji ndani. Mwaka baada ya mwaka majimaji hayo hukauka kwa joto, na kapasita iliyochoka huwa dhaifu zaidi ikiwa baridi. Nayo dakika ya kuwasha ndiyo nzito: mota ya diski yaanza kuzunguka, feni zaanza, prosesa yaamka, wote wanadai umeme kwa pamoja. Umeme ukiyumba, mashine hujizima. Kila jaribio hupasha kapasita joto kidogo, ndiyo maana jaribio la sita hufaulu, na mchana huonekana nzima.

Hapa twataka kumwonya kila msomaji. Pawasaplai isifunguliwe nyumbani. Hata ikiwa imechomolewa ukutani, ndani yake huweza kubaki umeme wa kuua. Mpeni mtu anayejua kuuondoa. Fundi alipoifungua yetu alituonyesha kapasita tatu zilizovimba vichwa kama andazi lililoumuka, moja ikivuja maji ya kahawia. Kapasita za mazabodi nazo huvimba hivyo, ila hizo waweza kuzitazama bila hatari, waya ukiwa umechomolewa.

Akatuazima pawasaplai nyingine yenye wati zisizopungua zile za kwanza. Kabla ya kuchomeka alitazama kama nyuma ina swichi nyekundu ya kuchagua volti. Nyingine za zamani huwa nayo, na hapa kwetu lazima iwe kwenye 230. Ikiwa kwenye 115 italipuka. Alfajiri iliyofuata, baridi ikiwa kali, tulisimama wote sebuleni na mashuka mabegani. Binti yetu akabonyeza. Ikawaka. Tukazima, tukasubiri, akabonyeza tena. Ikawaka. Tulimwomba mtoto msamaha palepale, mbele ya ndugu zake, kama tulivyomlaumu mbele yao.

Siku ya kugawana, kila mama alipata haki yake hadi shilingi ya mwisho, na tangu hapo mweka hazina wetu huondoka kila kikao na nakala iliyochapishwa.

Je, mashine kuukuu yafaa kutunzwa?

Yafaa, maadamu gharama ya kiungo ni ndogo kuliko kazi inayofanya. Lakini kama mazabodi yenyewe imevimba kapasita, au kila mwezi kuna kiungo kipya kinachokufa, ni busara kuweka akiba ya nyingine. Kumbukeni pia kwamba Microsoft ilikoma kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya zamani yaweza kupewa Linux ya bure, au itumike kwa kuandika na hesabu bila intaneti.

Mambo ya kukumbuka

Weka nakala mbili za kila kilicho cha thamani, moja isikae nyumba moja na kompyuta. Safisha vumbi angalau mara mbili kwa mwaka. Usiweke sanduku sakafuni wala karibu na jiko. Umeme wa kwenu ukiyumba, tumia kifaa cha kuusawazisha. Andika saa na dalili kabla ya kushika bisibisi. Jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Na kabla ya kumwuliza mtoto, "Umefanya nini?", mwulize kwanza, "Umeona nini?" Binti yetu alikuwa ametuambia tangu siku ya kwanza kwamba mchana ilikuwa nzima. Tungalimsikiliza, tungaliokoa siku nne na machozi yake.