Paa la Bati na Hewa ya Bahari

Nyumba nyingi za Kinondoni, tangu Mwananyamala na Tandale hadi Kawe na Kunduchi, zimeezekwa kwa bati. Bati lilichukua nafasi ya makuti na ya madebe yaliyokunjuliwa, ambayo zamani yalifunika nyumba nyingi za miti na udongo katika vitongoji vya Dar es Salaam. Sababu za mabadiliko hayo ni dhahiri. Bati halishiki moto, halihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache kama makuti, na wepesi wake huliwezesha kubebwa na kenchi za kawaida.

Hata hivyo, bati lile lile ambalo hudumu miaka mingi katika hewa kavu ya Dodoma laweza kuliwa na kutu na kutoboka mapema zaidi likiezekwa karibu na bahari. Kwa familia iliyojinyima muda mrefu ili ipate fedha za kuezekea, hasara hiyo si ndogo: paa linapovuja, kenchi huoza, dari huanguka, na kuta za matofali ya udongo huanza kumomonyoka.

Aghalabu watu husema kwamba bati la pwani huharibiwa na wingi wa mvua. Maelezo hayo yana upungufu. Adui mkubwa wa bati la pwani ni unyevu wenye chumvi unaotuama juu yake siku nyingi bila ya kuondolewa. Na mara nyingi mvua ndiyo inayouondoa. Mwenye kulielewa jambo hili ataweza kuchagua bati lifaalo na kulitunza ipasavyo.

BATI NI NINI?

Katika Kiswahili neno bati hutumika pia kwa metali ambayo alama yake ya kikemia ni Sn. Lakini mabati ya kuezekea hayakufunikwa kwa metali hiyo. Ni karatasi nyembamba za chuma cha pua zilizopakwa zinki pande zote mbili. Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hataza ya karatasi za chuma zenye migongo mwaka 1829. Migongo ile haikuwekwa kwa ajili ya urembo: karatasi nyembamba ikikunjwa migongo hupata nguvu ya kubeba uzito bila ya kupinda. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kukinga chuma kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyushwa. Zinki huyeyuka katika joto la nyuzi 420 hivi za Selsiasi, na chuma kikichovywa humo hutoka kimevikwa ngozi nyembamba iliyoshikamana nacho barabara.

Tanzania nayo hutengeneza mabati. Kiwanda cha Aluminium Africa, kijulikanacho kwa kifupi kama ALAF, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1960.

JINSI KUTU INAVYOFANYIKA

Ili chuma kipate kutu, hapana budi pawepo maji na oksijeni. Katika tone la maji lililokaa juu ya chuma, atomu za chuma hupoteza elektroni mbili mbili na kuingia majini zikiwa ioni:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Elektroni hizo hupita ndani ya chuma chenyewe hadi mahali penye oksijeni nyingi, kwa kawaida ukingoni mwa tone, na huko hupokewa:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Mazao ya hatua hizi mbili hukutana na, yakiongezewa oksijeni, huwa kutu nyekundu. Kutu hiyo ina vinyweleo, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na hubanduka kwa urahisi. Kwa hiyo haikingi chochote. Kila inapobanduka, chuma kipya huwa wazi.

Zinki hukikinga chuma kwa njia mbili. Kwanza, huungana na oksijeni, maji na hewa ya kaboni dayoksaidi na kufanya utando mgumu wa rangi ya kijivu, ambao hupunguza sana kasi ya kuliwa kwa zinki yenyewe. Pili, zinki hutoa elektroni kwa wepesi kuliko chuma. Bati likikwaruzwa, au likikatwa kwa mkasi hata chuma kikaonekana ukingoni, zinki iliyo jirani huliwa badala ya chuma. Zinki hujitoa mhanga kwa ajili ya chuma. Lakini kinga hiyo hudumu kwa kadiri zinki inavyobaki; ikiisha, kutu nyekundu huanza.

KWA NINI PWANI HUZIDI?

Mawimbi yanapovunjika ufukweni hurusha hewani matone madogo mno ya maji ya bahari. Maji hukauka, na chumvi hupeperushwa na upepo hadi nchi kavu. Pwani ya Kinondoni imeelekea mashariki. Hivyo hupokea upepo wa kaskazi, upepo wa kusi, na ule upepo wa mchana utokao baharini jua linapoipasha joto nchi kavu. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo huanguka katika mamia ya mita za kwanza kutoka ufukweni. Kwa sababu hiyo paa la Msasani au Mbezi Beach hupata chumvi nyingi kuliko paa la Tandale, ingawa mvua zao ni karibu sawa.

Chumvi ina tabia mbili zinazoliumiza bati. Ya kwanza ni kwamba maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, hivyo ule mzunguko wa elektroni na ioni huenda kwa kasi zaidi. Kadhalika kloridi iliyomo huuvuruga utando wa kijivu uikingao zinki.

Tabia ya pili ni kuvuta maji kutoka hewani. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa unyevu inaovuta wakati unyevu wa hewa unapofikia asilimia 75 hivi. Kloridi ya magnesiamu, ambayo nayo imo katika chumvi ya bahari, huanza katika unyevu wa asilimia 33 tu. Hewa ya Dar es Salaam nyakati za usiku na alfajiri hupita asilimia 75 mara kwa mara. Tena usiku, mbingu ikiwa wazi, bati hupoteza joto lake na kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka, na umande hutua juu yake. Kwa hiyo bati lenye chumvi huwa na utando wa maji hata katika usiku usio na tone la mvua.

Sasa yaonekana kwa nini mvua si adui mkubwa. Mvua za masika, tangu Machi hadi Mei, na za vuli, tangu Oktoba hadi Desemba, huosha chumvi juu ya paa. Mahali pasipofikiwa na mvua, kama chini ya upenu na kwenye mipandano ya mabati, chumvi hurundikana mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana mara nyingi kutu ya pwani huanza upande wa chini, na mwenye nyumba huiona tu pale mwanga wa jua unapopenya katika matundu.

KUCHAGUA BATI

Mnunuzi huuliza geji. Geji hueleza unene wa bati, na namba ikiwa kubwa bati huwa jembamba: geji 28 ni takriban milimita 0.4, na geji 30 ni takriban milimita 0.3. Unene huo huongeza nguvu, lakini hausemi kitu kuhusu zinki. Swali la pili, ambalo aghalabu husahauliwa, ni hili: bati limepakwa gramu ngapi za zinki kwa kila mita ya mraba?

Alama Z100 ina maana ya gramu 100 kwa pande zote mbili pamoja, yaani gramu 50 kila upande. Sentimita moja ya ujazo ya zinki ina uzito wa gramu 7.14, kwa hiyo gramu 50 zilizotandazwa juu ya mita moja ya mraba hufanya ngozi ya unene wa mikromita 7. Alama Z275, kwa hesabu hiyo hiyo, ni mikromita 19 hivi kila upande.

Kanuni za kimataifa za ISO 9223 huyagawa mazingira katika madaraja kulingana na ukali wa hewa. Daraja la C4, ambalo mfano wake mmoja ni maeneo ya pwani yasiyorushiwa maji ya bahari moja kwa moja, hula mikromita 2.1 hadi 4.2 za zinki katika mwaka wa kwanza. Kasi hiyo ikiendelea, zinki ya Z100 yaweza kwisha kati ya mwaka mmoja na miezi minane na miaka mitatu na miezi minne hivi, ilhali ile ya Z275 hukaa tangu miaka minne na nusu hadi tisa. Hizi ni hesabu za makadirio, na zahusu zinki peke yake isiyopakwa rangi. Hata hivyo zaonyesha kwamba mabati mawili ya geji moja, yenye sura moja na mng'aro mmoja dukani, yaweza kutofautiana sana kwa umri.

Aina nyingine hupakwa mchanganyiko wa alumini asilimia 55, zinki asilimia 43.4 na silikoni asilimia 1.6. Mchanganyiko huu uliingizwa sokoni na kampuni ya Marekani ya Bethlehem Steel mwaka 1972. Alumini hufanya utando mgumu usiopenyeka kwa urahisi, na zinki hukinga kingo zilizokatwa. Katika hewa ya bahari aina hii hudumu kuliko zinki tupu ya unene ule ule. Rangi iliyopakwa kiwandani huongeza kinga nyingine juu yake. Ni vema pia mnunuzi atafute alama ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975.

VIPI VIGAE VYA LAMI?

Vigae vya lami, vinavyotumika sana Marekani, ni vipande vya kitambaa cha nyuzi za kioo vilivyoloweshwa lami na kunyunyiziwa chembe za mawe. Havipati kutu, na mvua haipigi kelele juu yake. Lakini havijibebi vyenyewe. Hupigiliwa juu ya mbao zilizotandikwa paa zima, na mbao hizo katika nchi ya unyevu na mchwa hutaka uangalizi mkubwa. Tena paa hilo huota michirizi myeusi. Michirizi hiyo si uchafu; ni viumbe hai vidogo sana viitwavyo Gloeocapsa magma, vinavyostawi penye unyevu. Dawa yake ni ukanda wa zinki au shaba uliowekwa chini kidogo ya kipeo cha paa: mvua huchukua chembe kidogo za metali hiyo na kuteremka nazo, nazo huzuia viumbe hivyo. Paa la namna hii lisisuguliwe kwa brashi ngumu, maana chembe za mawe zilikingazo dhidi ya jua hung'oka.

KUEZEKA NA KUTUNZA

Mabati yakingojea fundi yasilazwe yakiwa yameshikana na kulowa. Maji yakibanwa kati yake huzaa unga mweupe, ambao ni zinki iliyokwisha kuliwa kabla bati halijapanda juu. Yawekwe mahali pakavu, yakiinamishwa ili maji yatiririke.

Paa lipewe mwinamo wa kutosha. Misumari ipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita, nayo iwe na washa za mpira. Vumbi la chuma litokanalo na kutoboa au kukata lifagiliwe siku ile ile. Saruji mbichi isiachwe juu ya bati, hasa lile lenye alumini. Shaba isiguse bati, wala maji yaliyopita juu ya shaba yasidondokee bati. Kwa kuwa shaba hushika elektroni zake kuliko zinki, zinki huliwa upesi. Mkanda wa zinki au shaba uliotajwa hapo juu ni kwa vigae vya lami tu. Shaba haifai kabisa juu ya bati.

Baada ya hapo kazi ni ndogo, lakini ni ya kila mwaka. Majani ya miembe na minazi yaondolewe kabla ya masika na kabla ya vuli, kwa sababu rundo la majani hushika unyevu kama sifongo. Wakati wa kiangazi, chini ya upenu paoshwe kwa maji yasiyo na chumvi. Doa la kutu likionekana likwanguliwe hadi chuma kionekane, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Bati jipya linalong'aa halishiki rangi ya kawaida; huhitaji kwanza rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki.

JARIBIO LA DARASANI

Chukua misumari mitano isiyopakwa zinki, isafishwe kwa msasa, na mirija mitano ya kioo. Mrija wa kwanza utiwe maji yaliyochemshwa, kisha mafuta juu yake. Wa pili maji ya kawaida. Wa tatu maji ya chumvi. Wa nne maji ya chumvi, na msumari uviringishiwe ukanda wa zinki. Wa tano maji ya chumvi, na msumari uviringishiwe waya wa shaba. Baada ya juma moja wanafunzi walinganishe misumari hiyo na kueleza, kwa kutumia zile hatua mbili za elektroni, kwa nini msumari wa nne haukupata kutu na wa tano umezidiwa. Kisha watoke nje na kutazama paa la shule yao, chini ya upenu na juu, na kuandika ni wapi kutu imeanza.