Mchezaji Mwenye Thamani Kubwa Zaidi NHL: Kweli au Si Kweli?

Kombe la Hart ni la mfungaji bora.
Si kweli. NHL, ligi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, humpa tuzo ya Art Ross aliyekusanya pointi nyingi za mabao na pasi za mabao. Hart, linalotolewa tangu 1924, ni la mwenye thamani kubwa zaidi kwa timu yake, na hilo la “kwa timu yake” ndilo linalozua ubishi kila mwaka. Tazama msimu ulioisha 2018. Connor McDavid wa Edmonton aliongoza ligi nzima kwa pointi 108, lakini timu yake haikufika hatua ya mtoano. Taylor Hall wa New Jersey alipata 93, na aliyemfuata kikosini, Nico Hischier, 52 tu. Pengo la pointi 41 ndani ya timu moja! Mwondoe Hall, New Jersey inabaki na nini? Kombe akapewa Hall, na kwangu mimi ilikuwa haki yake.

Timu ikikosa mtoano, mchezaji wake hapati.
Ni mazoea ya wapiga kura, si kanuni. Mario Lemieux alilitwaa 1988 ilhali Pittsburgh haikufuzu.

Wachezaji ndio wanaochagua.
Si kweli. Hart huamuliwa na waandishi wa habari za hoki kupitia chama chao. Wachezaji hupigia kura tuzo ya Ted Lindsay, ya mchezaji bora, na mwaka ule wa Hall wao walimchagua McDavid.

Aking'ara kwenye fainali ataongeza kura.
Si kweli. Kura hukusanywa kabla mtoano haujaanza.

Makipa hawapewi.
Ni nadra, lakini hupewa. Dominik Hasek alilichukua 1997 na 1998, Connor Hellebuyck wa Winnipeg 2025.

Kura ya mwandishi mmoja haibadilishi kitu.
Si kweli hata kidogo. Kila mwandishi hupanga majina matano: wa kwanza hupata pointi 10, kisha 7, 5, 3 na 1. Mwaka 2000 beki Chris Pronger wa St. Louis alipata 396, Jaromir Jagr wa Pittsburgh 395. Mwandishi mmoja tu angempandisha Jagr kutoka nafasi ya pili hadi ya kwanza, kombe lingekuwa lake.